Watoto wakigonga miaka 11 wanaikimbia shule ya Jumapili. Tatizo liko wapi hasa?

#1 Mshika Chaki
Wapendwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa watoto Jumapili asubuhi. Darasa la wadogo, miaka mitatu hadi sita, linafurika mpaka wengine wanakaa chini. La saba hadi tisa nalo halina shida. Ukija kwa wenye miaka 11 na 12 unakuta benchi tupu. Na hawajahama kanisa, maana wazazi wao nawaona wakiingia ibadani. Watoto wenyewe wako nje wanazunguka, wengine wamejifungia kwenye gari na simu, wengine wamejichomeka ibada ya wakubwa wanasinzia.

Wazee wa kanisa nikiwauliza wanasema "ni umri tu, watarudi". Mimi sikubaliani. Naona tunawafukuza wenyewe. Tunawalisha hadithi zilezile tulizowapa wakiwa na miaka minne: safina ya Nuhu, Daudi na Goliathi, Yona tumboni mwa samaki, Danieli kwenye tundu la simba. Mtoto wa miaka 11 anazijua kuliko mwalimu.

Walimu wenzangu, huko kwenu hali ikoje? Na wazazi mseme pia, msituachie sisi tu.

#2 Fundi Kinanda
Umegonga penyewe. Enzi zetu mwalimu akifungua mdomo tu "hapo zamani palikuwa na jitu moja..." darasa zima tunammalizia. Kilichonibakiza kanisani ni mwalimu wa kwaya aliyeniruhusu kugusa kinanda. Wapeni kazi hao watoto, hawataondoka.

#3 Mama Wanne
Mshika Chaki, nakupinga kidogo. Hadithi kurudiwa si tatizo. Sisi wakubwa tunahubiriwa Mwana Mpotevu kila mwaka na bado tunalia. Tatizo ni kuirudia kwa kimo kilekile.

Chukua Daudi huyohuyo. Kwa wa miaka minne, kombeo na jiwe vinatosha. Kwa wa miaka 11 fungua 1 Samweli 17:28, pale kaka mkubwa, Eliabu, anapomfokea Daudi mbele za watu: umekuja kufanya nini huku, na kondoo umemwachia nani? Niliwahi kulisoma hilo kwa darasa la wakubwa nikawauliza, "Nani hapa anasemwa hivyo nyumbani?" Mvulana mmoja ambaye siku zote hulala mezani akainua kichwa. Tukakaa kwenye mstari huo mmoja mpaka muda ukaisha, Goliathi hata hatukumfikia.

#4 Mzee wa Benchi la Mbele
Niseme ukweli hata kama hautapendwa. Shule ya Jumapili haimo kwenye Biblia. Ilianzishwa na Mwingereza Robert Raikes mwaka 1780 ili kuwafundisha watoto Biblia kwa kuwa wazazi walikuwa wamezembea. Tumeigeuza sheria ya Musa. Mtoto akae na baba na mama ibadani, basi. Mnamtenga miaka minane, akifika 11 mnashangaa kwamba kanisa hana habari nalo. Atalijua vipi na hajawahi kukaa ndani yake?

#5 Karani wa Mahudhurio
Mzee wangu shikamoo. Ukweli wa historia kidogo.

Raikes alianza Gloucester mwaka 1780, sawa. Lakini kazi ya mwanzo ilikuwa kufundisha kusoma. Watoto wa maskini walikuwa kazini viwandani siku sita, Jumapili ndiyo siku pekee waliyokuwa na nafasi. Biblia ilikuwemo, tena ndiyo waliyosomea, ila mtoto alikwenda pale hajui herufi akatoka anajua. Na hakuwa wa kwanza. Hannah Ball alikuwa na shule ya namna hiyo High Wycombe tangu 1769. Raikes alivuma kwa sababu alikuwa na gazeti lake, Gloucester Journal, akaiandika habari hiyo mwaka 1783 na wengine wakaiga. Walimu wake wa kwanza walikuwa wanalipwa.

Baadaye, hasa baada ya sheria ya elimu ya Uingereza ya 1870, kazi ya kufundisha kusoma ikachukuliwa na shule za kawaida. Zile za Jumapili zikabaki na somo la dini peke yake. Ndiyo maana swali la mleta mada naliona zito. Zamani mtoto alijua anachokifuata pale. Huyu wetu wa miaka 11 anafuata nini?

#6 Baba Mapacha
Walikuwa WANALIPWA? Karani, iandike hiyo kwenye taarifa ya kikao kijacho. Mke wangu anafundisha watoto na chaki ananunua mwenyewe.

#7 Mzee wa Benchi la Mbele
#5 nimekusoma, ahsante kwa masahihisho. Hoja yangu haijasogea. Kumbukumbu la Torati 31:12, wakusanywe wanaume, wanawake na watoto, wote wasikie. Hakuna palipoandikwa watoto wapelekwe chumba cha nyuma. Na Nehemia 8 ni hivyohivyo, Ezra aliwasomea wote pamoja.

#8 Mama Wanne
Mzee, Nehemia 8:2 isome taratibu. Inataja wanaume, wanawake, na wote walioweza kusikia na kufahamu. Kufahamu ni sharti. Halafu shuka hadi mstari wa 8, Walawi walikuwa wanawafafanulia watu maana yake mpaka waelewe. Mimi naona hapo pana nafasi ya mwalimu wa watoto.

Na kumbuka Ezra alisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri. Jaribu hiyo na mtoto wa miaka minne.

#9 Baba Mapacha
Si mnamkumbuka yule mtoto Eutiko? Paulo alivuta mahubiri mpaka usiku, mtoto akasinzia, akaanguka dirishani. Angekuwa na darasa lake yasingemkuta.

#10 Karani wa Mahudhurio
Baba Mapacha, Matendo 20:9 inamwita kijana, si mtoto wa kubebwa. Alianguka kutoka ghorofa ya tatu. Lakini kwa uzi huu ndiyo umri wenyewe tunaouzungumzia, mkubwa asiye na mahali pake, kakaa dirishani.

#11 Mzee wa Benchi la Mbele
Na alikuwa ibadani na wakubwa. Ahsanteni kwa kunisaidia.

#12 Dada wa Zamu
Mnagombana kuhusu chumba na masomo, mimi naona ni ZAMU. Kwetu walimu tuko wengi, kila mmoja anafundisha Jumapili moja kwa mwezi ili asikose mahubiri. Kwa mwalimu ni nzuri. Kwa mtoto, kila wiki ni sura mpya. Wadogo hawajali, ukiwa na kalamu za rangi wewe ni rafiki. Mkubwa anahitaji mtu anayejua kwamba wiki iliyopita alikuwa na mtihani au mama yake alilazwa. Mwalimu wa zamu hajui, anaanza "haya, wote tusimame tuimbe".

Tuliomba darasa la wakubwa liwe na walimu wawili tu wasiobadilika. Uongozi ukasema walimu watachoka. Wamechoka kweli, ila watoto wa darasa lile bado wanakuja.

#13 Mshika Chaki
#12 umenigusa. Lakini kwetu mwalimu wa wakubwa ni yuleyule muda wote, na bado wanatoweka. Kwa hiyo zamu peke yake haielezi.

#14 Jirani Mwema
Kuna aliyekwenda kuangalia chumba chenyewe? Kwetu darasa ni moja, miaka mitatu hadi 12 pamoja. Mvulana wa miaka 12, sauti imeanza kukwaruza, anakalishwa kwenye kibenchi cha chekechea magoti yamegusa kidevu, anaambiwa aimbe akiruka kama chura. Pembeni yake mdogo wa miaka minne analia kiatu chake kimepotea. Halafu mlango wazi, wasichana wa kwaya wanapita wanamwona. Ningekuwa mimi ningekimbia mapema zaidi.

#15 Fundi Kinanda
Kama chura 😂😂 Nimeuona wimbo kabisa.

#16 Mwalimu wa Hesabu
Nafundisha shule za kawaida, nachangia upande huo. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi, alionyesha kwamba kati ya miaka 7 na 11 hivi mtoto hufikiri vizuri kuhusu vitu anavyoweza kuviona na kuvishika. Kuanzia 11 au 12 anaanza kuyamudu mambo ya kudhania: "ingekuwaje kama...", "kwa nini isiwe vile". Umri wenyewe ndio huohuo wa mleta mada.

Maana yake mtoto anaanza kuuliza maswali makubwa wakati uleule ambao sisi bado tunampa picha ya kupaka rangi. Upande wa pili pia tunakosea. Tunawaambia wa miaka minne "Yesu anaingia moyoni mwako", mtoto anauliza anaingia kupitia wapi. Wadogo tunawapa mafumbo, na wakubwa tunawapa vikaragosi.

Jambo jingine, ile kanuni ya walimu kwamba mtoto anasikiliza dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake. Miaka mitano dakika tano. Igawanyeni ibada kwa vipande vifupi.

#17 Mama Wanne
Mwalimu, hapo mwanzo nakubali, mwishoni nakataa. Mtoto wangu wa miaka mitano anajenga nyumba ya matope saa nzima bila kunyanyua kichwa. Dakika zake hutegemea kama kazi iko mikononi mwake au mdomoni mwako. Tukifundisha Yeriko tunapanga viti katikati ya chumba vikawa ukuta, watoto wanauzunguka kimya kabisa, vidole midomoni, mara saba. Wa miaka mitatu wanajikaza mpaka wanatetemeka kwa kusubiri ile kelele ya mwisho. Hakuna anayeomba kwenda chooni.

#18 Mwalimu wa Hesabu
Haya, kanuni ya dakika naiacha. Ilikuwa ya kupangia tu.

#19 Baba wa Nyumba ya Juu
Wote mnapiga chenga. Kosa ni letu wazazi. Saa moja kwa wiki haiwezi kushindana na saa zote zilizobaki. Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema uyafundishe kwa bidii uketipo nyumbani na utembeapo njiani. Martin Luther naye, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, alipotoa Katekisimu Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529 alilenga mkuu wa nyumba aifundishe familia yake. Timotheo imani aliikuta kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, mwalimu wa zamu hatajwi.

Sisi tunawashusha watoto mlangoni, baada ya ibada tunauliza "umejifunza nini?", anajibu "sijui", tunawasha gari.

#20 Dada wa Zamu
Baba, hilo swali lako ndilo linaloleta "sijui". Muulize "leo nani kachekesha darasani?" au "swali gani mwalimu lilimshinda?" Utapata hadithi nzima.

Lakini msiwatwike wazazi kila kitu. Darasani kwangu kuna watoto wanaokuja peke yao, wazazi wao hawasali kabisa. Hao nyumbani hawana Loisi. Wakikosa kwetu wamekosa.

#21 Mshika Chaki
Niwape habari kidogo. Baada ya kusoma #16 nilipeleka sanduku la kadibodi darasani. Nikawaambia waandike swali lolote kuhusu Mungu, bila jina, watumbukize. Walikuja wachache, lakini walioandika waliandika. Baadhi:

"Kaini alimwoa nani?"
"Kama Mungu alijua watakula lile tunda aliupanda mti wa nini?"
"Tuliomba bibi apone akafa, tulikosea wapi?"
"Wazaliwa wa kwanza wa Misri walifanya kosa gani?"

Hilo la bibi nilijua mwandiko wa nani. Ni binti ambaye tangu msiba hakuwa amefungua mdomo darasani. Hakuna kitabu chetu cha mafundisho kinachogusa swali hilo, kinachofuata kwenye ratiba ni Zakayo juu ya mkuyu.

#22 Baba Mapacha
Kaini alimwoa nani jamani? Na mimi nimelibeba tangu utoto.

#23 Karani wa Mahudhurio
Mwanzo 5:4, Adamu alizaa wana wengine, waume na wake. Wengi hujibu kwa mstari huo.

#24 Baba Mapacha
Kwa hiyo dada yake?

#25 Mzee wa Benchi la Mbele
Baba Mapacha, fungua uzi wako. Hapa tuna watoto wa kuwarudisha.

Mshika Chaki, hilo la bibi usilijibu haraka. Mimi nimezika wengi na bado silijibu haraka. Muite mchungaji akae nao, na akubali kuulizwa tena.

#26 Zao la Kanisa
Nina miaka 19, niliacha nikiwa na 12, niruhusuni niseme kwa niaba ya waliokimbia.

Masomo hayakunikimbiza. Mwalimu wangu alikuwa mzuri, hadithi nilizipenda. Niliacha kwa sababu marafiki zangu wawili waliacha. Wa kwanza alihama. Wa pili alifokewa mbele ya darasa kwa kutokukariri mstari, akaapa harudi. Nikabaki mwenyewe kati ya watoto wa miaka saba. Hakuna aliyeniuliza mbona sionekani. Mngekuja hata na sanduku kumi za maswali, nisingekuwepo kuandika.

Nilirudi baadaye kwa njia nyingine, kwenye kundi la vijana, kwa sababu kuna rafiki alinivuta.

#27 Fundi Kinanda
#26 pole sana. Ulipewa kazi yoyote ulipokuwa pale?

#28 Zao la Kanisa
Nilipewa kuwapeleka wadogo chooni. Si kazi niliyoifurahia.

#29 Mlinzi wa Mlango
Hapo kwenye #28 nasimama, wapendwa. Mtoto wa miaka 12 kupeleka wadogo chooni peke yake ni hatari kwa wote wawili. Hiyo ni kazi ya watu wazima, na wawe wawili. Sehemu ya watoto isibaki na mtu mzima mmoja na mlango umefungwa, hata awe mtakatifu wa namna gani. Inamlinda mtoto na inamlinda mwalimu.

Sisi kila mtoto mdogo anavalishwa namba ya kitambaa begani, mzazi anabaki na namba ileile, bila namba mtoto hatoki. Daftari lina jina, simu ya mzazi na mzio kama upo, maana kuna mtoto akila karanga anavimba. Wakubwa wanakataa kuvaa namba, wanaona wamefanywa watoto, basi wao wanajiandikisha kwa mkono wao wakiingia na wakitoka. Na hao mnaosema wanazunguka nje wakati wa ibada, kuna anayejua wako na nani? Kwangu mimi hilo linatangulia hadithi za Yona.

#30 Jirani Mwema
Neno. Na wakijiandikisha wenyewe, daftari litaonyesha nani hajaonekana wiki mbili. Asingepotea mtu kama #26 bila kuulizwa.

#31 Mchunga Kumbukumbu
Mmesahau makanisa yenye kipaimara. Kwetu mtoto anasoma mafundisho, anafanya mtihani, anavaa vizuri, anapigwa picha, na familia inashangilia kana kwamba kahitimu. Jumapili inayofuata hayupo, anasema "nilimaliza". Kwa hiyo kwetu umri wa kutoweka si 11, ni baada ya kipaimara. Tofauti hiyo inanifanya niwe na shaka na Piaget wa #16. Ingekuwa ni akili inavyokua, wote wangeondoka umri mmoja.

#32 Mwalimu wa Hesabu
Au wenu wameshaondoka moyoni wakiwa na 11, wanasubiri cheti tu. Mahudhurio ya lazima hayapimi hamu.

#33 Mchunga Kumbukumbu
Inawezekana. Na inawezekana pia mafundisho yanawashika kweli, sherehe ndiyo inayowatoa. Nimewaona wakibishana darasani kwa raha kabisa, miezi michache baadaye hawapo.

#34 Mama Wanne
Fundi, turudi kwenye kazi zako. Nimejaribu kuwafanya wakubwa wasaidizi wa darasa la wadogo. Wanapenda, wanakuja mapema, wanapanga viti. Lakini mwaka mzima hawasomi neno la kimo chao, wanasikia tena Nuhu, safari hii wakiwa wamesimama. Tukaweka utaratibu kwamba anayesaidia wadogo Jumapili hii, ijayo anakaa darasa lake.

#35 Fundi Kinanda
Bora hivyo kuliko nje na simu. Ila wa kinanda asizungushwe, kinanda kinataka kila wiki.

#36 Mgeni wa Jumapili
Nimesoma uzi wote, ahsanteni. Mimi kwetu niko peke yangu. Chumba kimoja, watoto kama arobaini, wadogo na wakubwa pamoja, hakuna msaidizi. Wakubwa wako watano na nahisi wanakaribia kuondoka. Jumapili hii nifanye nini? Mwaka ujao nitauwaza baadaye.

#37 Mlinzi wa Mlango
La kwanza usiwe peke yako. Mwambie mchungaji kabla ya Jumapili kwamba bila mtu mzima wa pili hufungui darasa. Hata kama huyo wa pili hajui kufundisha, akae mlangoni na daftari.

#38 Dada wa Zamu
Hao watano waulize majina ya rafiki zao walioacha. Hakikisha wewe mwenyewe una namba za wazazi wao.

#39 Mama Wanne
Wimbo na sala muanze wote pamoja, na usiwalazimishe wakubwa kuruka. Kisha wadogo wasimuliwe hadithi kwanza, wapewe kitu cha mikono, mtu wa pili awaangalie. Wewe chukua watano wako, kaeni kona ya chumba hichohicho, kwenye viti vya wakubwa, hata kama utaviazima ibadani. Soma nao mistari sita tu ya hadithi ileile, waulize ni nani pale amekosewa. Halafu nyamaza, usikimbilie kujibu.

#40 Mzee wa Benchi la Mbele
Mimi ningewapeleka hao watano ibadani wakae na wazazi wao. Lakini kama mtawakalisha kona, viti njooni mchukue benchi la mbele, huwa tunabaki na nafasi.